Kitabu Kijacho: Cha Ardhi Yetu au cha Jirani Yetu?

Hoja: Watu wanne wa Kericho na Bomet wamekubaliana kwamba bonasi ya chai ikiingia Oktoba, kila mmoja atoe kidogo, wanunue kitabu kimoja na kukisoma pamoja. Kiwe kipi?

MKULIMA WA KONOIN: Mimi nimekwisha chagua. Kitabu chetu kijacho kiwe Oral Traditional History of the Kipsigis, alichoandika Taaitta Toweett, kikatoka mwaka 1979. Nina mjukuu shule ya sekondari. Anaujua mkutano wa Berlin, anamjua Bismarck, ukimwamsha usiku atakutajia mataifa yaliyoketi mezani kuigawa Afrika. Nilipomuuliza Gwassi ni wapi, alinyamaza. Mtoto amezaliwa katikati ya chai na hajui kwamba mwaka 1934 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kuung'oa ukoo mzima wa Talai, wazee kwa wachanga, ikawatoa Kericho na kuwatupa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, kwenye joto na mbung'o. Hajui kwamba kabla ya kampuni za Waingereza kuanza kupanda chai hapa miaka ya 1920, vilima hivi vilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuulizwa. Kwanza ajue hayo. Riwaya atazikuta.

MWALIMU WA KISWAHILI: Mzee, juu ya Gwassi hakuna anayekupinga. Swali langu ni tutakisomaje. Kitabu cha Toweett kina zaidi ya miaka arobaini, kimeandikwa kwa Kiingereza, na madukani hukioni. Wenzake ni vivyo hivyo. Henry Mwanzi aliandika A History of the Kipsigis, 1977. Ian Orchardson, Mwingereza aliyelowea Kericho na kuoa kwa Wakipsigis, kitabu chake kilichapishwa 1961. Peristiany, Mgiriki aliyesomea Oxford, alitoa chake 1939, wakati ukoo wa Talai ungali Gwassi. Vyote Kiingereza, vyote vya kubembeleza kwenye maktaba za vyuo vikuu. Unataka tuchange pesa tukanunue kitu kisichouzwa?

MKULIMA: Ninacho. Mpwa wangu aliye chuo kikuu alinitolea fotokopi ya kitabu kizima, akakifunga kwa waya. Nimefika katikati, kamusi iko mkono wa kushoto. Januari hadi Machi majani hupungua, mtu anapata nafasi. Na mvua ya mawe ikishapiga, shamba linakaa bila cha kuchumwa mpaka lichipue upya. Wengine siku hizo wanakwenda kukaa sokoni. Mimi nakaa na Toweett.

MUUZA VITABU WA KERICHO MJINI: Mnavyotaja ni vitabu vya kutamani. Mimi niko mezani kila siku, nawaona watu wakipanga. Mtu anakuja, ananiambia kitabu atakachosoma karibuni ni cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Hao wameongezeka tangu mzee afariki Mei 2025. Mwingine anamtaka Abdulrazak Gurnah kwa ajili ya ile Nobel ya 2021. Wanavishika, wanasoma jalada la nyuma, wanarudisha. Pesa ikitoka mfukoni inatokea Rich Dad Poor Dad, The Richest Man in Babylon, au maisha ya daktari Ben Carson. Januari inatokea vitabu teule vya shule, kwa sababu mtoto ametumwa. Toweett sijaulizwa hata mara moja. Na sisemi haya kuwadharau wateja wangu. Anayenunua Rich Dad Poor Dad ana mkopo wa sacco na karo za watoto, anatafuta mtu wa kumwambia kwamba kuna njia. Kwa nini kitabu chake kisihesabiwe?

MWALIMU: Kwa sababu hakimjui anayekisoma. Kinamwambia atafute mali itakayomwingizia pesa akiwa amelala. Mkulima wa Bomet akilala, majani yanakomaa, na karani wa kituo anayakataa mbele ya watu. Karani anataka majani mawili na chipukizi. Msomaji anafika ukurasa wa mwisho akiamini kosa ni lake, kwamba hakuwa na fikra za kitajiri. Mnada wa chai wa Mombasa kitabu hicho hakiutaji. Hakimwambii kwa nini bonasi ya huku magharibi mwa Bonde la Ufa hubaki nyuma ya bonasi ya mashariki, na yeye amechuma vilevile, amebeba vilevile.

MUUZA VITABU: Na Nguu za Jadi, riwaya teule unayofundisha, inamwambia?

MWALIMU: Inamwambia mengi kuliko unavyodhani. Clara Momanyi ameandika kijiji cha Matango kinachoteketezwa ili wenyewe wahame na wenye nguvu waichukue ardhi. Mtoto wa Kericho akiisoma riwaya hiyo sawasawa, anamsoma babu yake. Shida ni kwamba haisomi. Wanafunzi wananiletea mwongozo uliopigwa mistari ya kijani, na riwaya yenyewe haina hata mkunjo. Sifa za Mangwasha, mhusika mkuu, wanazijua kwa mpangilio, sita, na umuhimu wake, sita. Ukiwauliza Mangwasha aliona nini alipoona moto, wananiuliza kama swali hilo limewahi kuja kwenye mtihani wa KCSE.

MUUZA VITABU: Miongozo hiyo wanatumwa na walimu. Mimi siiandiki wala siiteui.

MWALIMU: Wapo walimu wanaowatuma, nakubali. Shule inapimwa kwa wastani wa alama, na mwongozo unaleta alama haraka. Lakini ndiyo sababu naipinga hoja yako na ya Mzee pamoja. Mmoja anataka kitabu cha kumfaa mtu, mwingine anataka kitabu cha kumfunza mtu. Watu wa huku wamefunzwa na kufaishwa mpaka wameona kitabu ni kazi ya mtu mwingine waliyobebeshwa. Mtihani wa mwisho wa KCSE ni wa 2027. Kabla mtihani mwingine haujatuchagulia, nataka tusome kitu ambacho hakuna atakayetuambia "jadili". Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996: kijana anaondoka Tanga kumtafuta baba yake mpaka Kitale. Au Peponi, riwaya ya Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022: mtoto Yusuf anatolewa kwa tajiri kwa deni la baba yake. Niambieni kama kuna nyumba ya mkulima hapa isiyoelewa deni linavyoweza kumfikia mtoto.

MCHUMAJI WA CHAI: Naombeni niseme. Mmetaja vitabu vingi na hakuna aliyeniuliza nasoma saa ngapi. Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye mstari. Nikirudi kambini natafuta kuni, natafuta maji, napika. Siku hizi mashine zimechukua sehemu tambarare, sisi wa mikono tunaachiwa miteremko, na siku nyingine tunaambiwa hakuna kazi. Kwa hiyo nafasi ya kusoma ninayo kuliko zamani, ila sikuiomba. Nasoma usiku, binti yangu akimaliza kutumia taa.

Kitabu ninachokitaka kiko nyumbani tayari, alikiacha dada yake alipomaliza Kidato cha Nne. Ni Chozi la Heri cha Assumpta Matei. Ukikishika utajua kimepita kwangu: pembe za kurasa zina alama nyeusi, maana utomvu wa chai hautoki vidoleni hata usugue vipi. Alama hizo zinaishia mwanzoni. Nilifika pale Ridhaa amesimama mbele ya majivu ya nyumba yake, watu wake wameteketea ndani, na jirani yake Kedi ndiye aliyekuja na moto. Nikafunga. Siku nyingine nikafungua, nikafunga tena. Peke yangu siwezi kukimaliza. Ndiyo maana nasema tukisome pamoja, na Mzee awepo.

MKULIMA: Mama, mambo hayo yalikwisha. Tangu wakati ule tumeishi vizuri, watoto wetu wanakaa dawati moja. Kuyafukua kutatupa nini?

MCHUMAJI: Mzee, ya 1934 hayajakwisha, ya ghasia za baada ya uchaguzi, za 2008, yamekwisha?

MKULIMA: Hayalingani. Ya 1934 yalifanywa na serikali, kwa sheria na muhuri, na Uingereza haijalipa fidia. Mwaka 2022 watu wetu walipeleka shauri Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Mtu wa Kericho haendi Strasbourg kama milango ya karibu iko wazi. Ya 2008 ni mambo ya majirani, na majirani hupatana.

MCHUMAJI: Hupatana wakizungumza. Sisi hatukuzungumza, tulirudi kazini. Nilirudi nikakuta mlango upo, kitanda hakipo, cherehani haipo. Msimamizi akasoma orodha, nikaitika jina langu, nikaanza kuchuma. Huo ndio upatanisho nilioupata. Sasa nijibu: katika kitabu chako mimi nimo?

MKULIMA: Humo.

MCHUMAJI: Baba yangu alikuja kuichuma chai hii kutoka Nyamira. Mimi nimeichuma tangu mjukuu wako hajazaliwa. Ukimfundisha historia ya chai na mchumaji hayumo, unamfundisha ya nani?

MKULIMA: Humo, Mama, lakini chanzo cha moto uliokufikia kimo. Ukianza na riwaya yako utamwona jirani aliyeamka siku moja na wazimu. Hakuamka na wazimu. Alilelewa na uchungu wa baba yake, na baba naye wa baba yake. Wenye kampuni wako mbali, hawaonekani. Akatokea mwanasiasa akamwonyesha mtu wa kumlaumu, mtu wa karibu, mwenye jina la kabila lingine. Sisemi alitenda haki. Alitenda uovu. Ninalosema ni kwamba kitabu kisichogusa mzizi huo kitatuliza jioni moja, halafu kila mtu aende kwake na hasira yake ikiwa nzima.

MCHUMAJI: Mzizi naujua. Niliusikia ukipigiwa kelele nje ya dirisha langu usiku kucha. Nisichokijua ni yule mtu aliyekuwa nyumbani kwake, akisikia kelele zilezile, alikuwa anawaza nini.

MKULIMA: Mimi sikumchomea mtu nyumba.

MCHUMAJI: Sijasema ulichoma. Nauliza ulikuwa wapi.

MKULIMA: Nyumbani. Nilifunga mlango, nikawazuia vijana wangu wasitoke.

MCHUMAJI: Hilo halimo katika kitabu chako wala changu.

MWANDISHI: Naingia hapa kwa neno langu, kisha nitoke. Oktoba 2008 tume ya Jaji Philip Waki ilikabidhi ripoti yake: watu 1,133 walikufa nchini katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi yake, mabuku kadhaa, yenye sehemu nzito juu ya dhuluma za ardhi. Hizo mbili ni maandishi ya umma, yaliyolipiwa na kodi ya mkulima na ya mchumaji, na katika watu hawa wanne hakuna aliyezitaja miongoni mwa vya kusomwa. Naona nchi imewatendea vibaya. Iliwauliza maswali, ikaandika majibu, ikayafungia kabatini, na sasa wanalazimika kuulizana wenyewe upya, uso kwa uso. Mzee kuitaka 1934 ni haki yake. Mama naye hajaomba kikubwa.

MWALIMU: Ripoti ya 2013 nimejaribu kuisoma. Ni Kiingereza cha mawakili, na ni ndefu. Mtu aliyeshinda mteremkoni na kikapu mgongoni hataisoma usiku. Hapo ndipo riwaya inapofaa. Ripoti inamhesabu Mama. Matei anamwingiza msomaji ndani ya nyumba kabla haijachomwa, akawajua waliomo.

MKULIMA: Waliomo wametungwa. Kedi hayupo. Gwassi iko, unaweza kupanda gari ukafika.

MWALIMU: Mtunzi hakutaja mahali halisi ili kila msomaji ajione.

MKULIMA: Au ili yeyote asijione. Mtu wa Kericho atasema hiyo ni nchi nyingine. Wa Eldoret atasema hiyo ni Kericho. Wa Kisii atasema hao ni wale. Toweett akisema Kipkelion ni Kipkelion, Buret ni Buret, huna pa kujificha.

MWALIMU: Toweett alikuwa mwanasiasa, Mzee. Alikuwa mbunge wa huku, akawa Waziri wa Elimu. Unafikiri yeye hana pa kujificha? Kila mwandishi wa historia ana upande, na anapowaandikia watu wake, upande huo hauoni vizuri.

MKULIMA: Sijasema nimeze kila neno. Nimesema nisome. Wewe watoto unawafundisha uhakiki, unaogopa sisi wazee tukifanya uhakiki?

MWALIMU: Siogopi. Naogopa tukisome kwa kupiga makofi.

MUUZA VITABU: Na mimi nauliza la mtu wa mezani. Hata mkikubaliana, nakala ngapi? Watu wanne kitabu kimoja hawakisomi, wanakizungusha, na cha kuzungushwa hakirudi. Chozi la Heri naweza kuwaletea nakala nne kesho.

MWALIMU: Nakala zipi? Zile za karatasi nyembamba, wino umetokea upande wa pili, na kurasa nyingine zimefungwa kichwa chini?

MUUZA VITABU: Mwalimu, usinitukane kwa umaskini wa watu. Mzazi anakuja na nusu ya bei. Mwaka 2013 sheria ya VAT ilitia asilimia 16 kwenye vitabu. Serikali ilipofanya hivyo, hamkuandamana. Mtoto akirudi nyumbani bila kitabu, mwandishi amefaidika nini?

MWALIMU: Kodi inamwongezea msomaji bei, na hilo ni baya. Nakala yako inamnyima mwandishi kila kitu. Mtu amekaa miaka akiandika, mhariri amekesha, halafu mwenye mashine ya uchochoroni anavuna. Tukitaka watoto wa Buret na Sotik waje waandike vitabu vya huku, vile ambavyo Mzee anavitafuta havipo, wataandikaje wakijua hakuna malipo?

MUUZA VITABU: Na fotokopi ya Mzee? Hiyo familia ya Toweett inalipwa na nani?

MKULIMA: Ningekikuta dukani ningekinunua. Ningenunua vitano, kila mtoto wangu chake.

MUUZA VITABU: Kila mteja wangu husema hivyo hivyo.

MWALIMU: Kunakili kitabu kisichouzwa tena ni jambo moja. Kunakili kinachouzwa ni jingine.

MUUZA VITABU: Kwako wewe uliye na mshahara. Kwa asiye na pesa, vyote viwili havipatikani. Lakini sawa, hoja yako kuhusu waandishi wa kesho imeniingia. Nitaleta nakala halali, ila nilipwe mbele, maana kwa mchapishaji hakuna mkopo.

MCHUMAJI: Na maktaba?

MWALIMU: Maktaba ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010. Fungua Jedwali la Nne uone imewekwa kwenye orodha moja na nini: kamari, leseni za pombe, sinema. Zote ni majukumu ya kaunti. Sasa shuka Litein, pita Kapkatet, nenda Sotik, maliza Bomet. Hesabu baa na vibanda vya kamari, kisha hesabu mahali ambapo Mama anaweza kuazima kitabu akitoka kazini. Gari la kwenda Kericho mjini na kurudi ni ujira wa siku.

MKULIMA: Hilo tutamwambia MCA, mjumbe wetu wa bunge la kaunti. Turudi kwenye kitabu. Mke wangu naye anataka kuwepo. Yeye husoma Biblia ya Kikalenjin, ile iliyotoka 1969, na huisoma vizuri kuliko mimi. Kiingereza hajui, Kiswahili anasikia lakini hasomi haraka. Ndiyo maana nilifikiri Toweett nitawaeleza mimi, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili, na yeye nimwekee Kikipsigis pembeni.

MWALIMU: Hapo tutakuwa tunakusikiliza wewe, Mzee, sio Toweett.

MKULIMA: Toweett naye aliyatoa kwa wazee. Walisema kwa Kikipsigis, yeye akaandika kwa Kiingereza. Maneno yalitoka mdomoni, acha yarudi mdomoni. Hiyo ndiyo njia yake ya asili.

MCHUMAJI: Ukitueleza wewe, utaruka nini?

MKULIMA: Kwa nini niruke?

MCHUMAJI: Kila anayesimulia ya kwao huruka. Mimi nikisimulia ya Nyamira nitaruka. Sisi nasi tulipigana na ninyi kwa ng'ombe, na sijawahi kumsikia baba yangu akisimulia siku ambayo sisi ndio tulikwenda kuiba. Ndiyo maana nataka kitabu chenye maneno ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuyabadilisha. Kiswahili si cha kwako wala cha kwangu. Kambini ndiyo lugha tuliyogombania na kupikia pamoja. Tukisome hicho, neno kwa neno, kila mtu akishika zamu ya kusoma kwa sauti.

MKULIMA: Na 1934 iachwe tena. Mjukuu wangu abaki na Bismarck wake.

MCHUMAJI: Sijasema iachwe.

MKULIMA: Umesema kitabu chako ndicho kijacho. Kwa mtu wa huku, "baadaye" tumeisikia sana. Tuliambiwa ardhi itazungumzwa baada ya uhuru. Tuliambiwa itazungumzwa baada ya katiba mpya. Mwaka 2019 Tume ya Ardhi ya Taifa iliandika kwamba madai yetu yana msingi, tukaambiwa tusubiri. Nina miaka mingapi ya kusubiri? Waliorudi kutoka Gwassi wanakufa mmoja mmoja. Nikisema kitabu kijacho, nina maana kijacho, sio cha tatu.

MWALIMU: Basi naondoa Siku Njema yangu. Nitaisoma na wanafunzi Ijumaa jioni, nje ya ratiba. Kati ya hivi viwili tupige kura, tumalize.

MCHUMAJI: Kura hapana. Mzee ana mke wake, mke wake ana dada zake. Mimi ni mmoja. Najua kura huishia wapi hapa.

MUUZA VITABU: Visomwe vyote viwili. Mwezi huu sura ya Toweett, mwezi ujao sura ya Matei. Nakala nne nitaleta, fotokopi ipo.

MKULIMA: Vyote viwili nimekubali. Lakini cha kwanza ni kipi? Tukianza na moto, hadi tufikie 1934 watu watakuwa wamekasirika, hakuna atakayenisikiliza. Watasema mzee anatafuta kisingizio.

MCHUMAJI: Na tukianza na 1934, tutakapofika 2008 mtakuwa mmekwisha jisamehe.

MKULIMA: Nani amesema nitajisamehe?

MCHUMAJI: Umesema ulifunga mlango, ukanyamaza. Nilingoja useme neno la pili.

MKULIMA: Sikuwa na neno la pili. Mpaka leo sina. Haya, anza wewe na Chozi la Heri. Lakini zamu yangu ikifika, sura ya kusoma kwa sauti nitaichagua mwenyewe.

MCHUMAJI: Hapana, Mzee. Utasoma itakayokufikia.